Inanukia kama kwa daktari wa meno

"Inanukia kama kwa daktari wangu wa meno." Kasema hivyo tu. Ni Jumamosi ile, leo Jumanne, na neno bado limenikaa. Mama wa makamo, kavaa sweta la rangi ya haradali, kaja sokoni kwenye meza yangu ya sabuni, kaichukua ya karafuu, kaipeleka puani, kakunja uso, kanambia hayo. Nikamjibu, "Ndiyo, ni karafuu yenyewe, inatoka kwetu Pemba." Akasema "Aha," akairudisha mezani lebo ikiwa chini, akasogea meza ya jirani kununua mshumaa wa viungo vya maboga.

Wiki yenyewe ilikuwa na makubwa: wifi kaapa uraia Alhamisi, ghalani wametubadilishia zamu bila kutuuliza, na mwanangu mkubwa kapata leseni ya udereva. Mimi nimeganda kwenye "Aha."

Kinachoniudhi zaidi ni kuwa kasema kweli. Dawa ya muda anayozibia jino daktari ni unga wa oksidi ya zinki uliokorogwa na yujenoli, na yujenoli ndiyo iliyojaa kwenye mafuta ya karafuu. Mafuta ya makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu, yanayo zaidi kuliko ya karafuu zenyewe, ndiyo maana yale ya makonyo siyanunui japo ni rahisi: harufu yake ni kavu, inachoma, haina ule utamu wa nyuma. Mtu aliyekulia Columbus, Ohio, akakutana na karafuu kwenye kiti cha daktari tu, mdomo wazi na taa usoni, unategemea aikumbuke vipi? Sisi tumeikuta kwenye pilau na kwenye chai, na kwenye majamvi yaliyoanikwa uani.

Lakini hao hao, kuanzia mwisho wa Agosti, wanakunywa kahawa ya viungo vya maboga, yaani viungo vya kuokea pai ya boga. Tangu maduka ya kahawa ya Starbucks walipoitoa mwaka 2003, mji mzima hunukia hivyo mpaka Novemba. Na ndani ya viungo hivyo karafuu imo! Mdalasini ndio mwenye nyumba, tangawizi na kungumanga ni wanawe, karafuu kapangishwa chumba cha uani. Mshumaa alioununua yule mama una karafuu ya kukisia tu, na vanila tele juu yake. Boga lenyewe halina harufu ya kutosha kuuza hata kiberiti.

Mwaka jana niliandika habari ya sabuni ya boga, na wapo walioniomba kipimo: hiki hapa. Mafuta kilo moja: zeituni gramu 500, nazi 300, siagi ya shea 150, mbarika 50. Kostiki (sodiamu haidroksaidi, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 141, ambayo imeshapunguzwa asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuzwa na sabuni isikaushe ngozi. Maji gramu 180, boga lililopondwa gramu 100. Hayo maji msiyapunguze mkadhani boga litafidia, kwa sababu kostiki lazima iyeyuke yote kwenye maji matupu kwanza, na maji yakiwa chini ya uzito wa kostiki yenyewe chembe zitabaki na mtazikuta ndani ya kipande zimegeuka vidoa vyeupe vinavyounguza. Kostiki ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kumwagwa juu ya kostiki. Boga linachanganywa kwenye mafuta na kusagwa kwa blenda ya mkono mpaka lisionekane.

Boga la kopo ndilo bora, lakini soma kopo. Kuna la boga tupu na kuna lililokwisha kutiwa sukari na viungo vya kuokea. Hilo la pili likiingia kwenye sabuni, sukari inapandisha moto mpaka mchanganyiko unavimba na kumwagika nje ya kalibu. Hata boga tupu lina sukari yake ya asili, kwa hiyo kalibu haifunikwi blanketi kama sabuni nyingine. Mimi naipeleka gereji, ambako mwezi huu pana baridi ya kutosha. Ukiona ufa unapita katikati ya juu, ujue moto umezidi, ipeleke penye baridi zaidi upesi. Kopo la gramu 425 linatosha mara nne. Linalobaki ligandishe kwenye trei ya barafu. Yale maboga makubwa ya kuchonga ya Halloween yaacheni yachongwe, yana maji na nyuzi, na mkiyaponda hampati kitu.

Karafuu ni habari nyingine. Mafuta yake yanakimbiza sabuni. Unaweza kuwa na uji laini kabisa, ukatia karafuu, ukageuka kuchukua kalibu, ukarudi ukakuta donge. Yujenoli inashikana na kostiki moja kwa moja, haingoji mafuta. Kwa hiyo natia gramu 5 tu kwa kilo ya mafuta, nayo naitanguliza kwenye vijiko viwili vya zeituni niliyoitenga. Mafuta na kostiki vyote viwe vimepoa kwenye nyuzi 32 hadi 35. Kalibu iwe imeshatandikwa karatasi, iko mkono wa kulia. Blenda inazimwa mara tu uji unapoanza kuacha alama nyepesi juu. Karafuu inaingia mwisho, inakorogwa kwa mwiko, na inamwagwa papo hapo. Katika hii ya karafuu boga siliweki, na maji nayapandisha hadi gramu 330 ili kunipa nafasi ya kupumua. Ikiganda sufuriani isitupwe: weka sufuria kwenye moto mdogo, iache ipikike mpaka iwe kama viazi vilivyopondwa, kisha ishindilie kwenye kalibu. Itakuwa na sura mbaya lakini inasafisha.

Na gramu 5 si ubahili. Karafuu nyingi inawasha ngozi, na mtu akishapata mzio wa yujenoli hauondoki. Unga wa karafuu nanyunyiza nusu kijiko cha chai kwa ajili ya madoa tu. Ukizidisha, sabuni inakwaruza. Unga wa mdalasini siweki kabisa, hata wakinibembeleza.

Saa nyingine nawaza ningemjibu nini. "Basi daktari wako anajua kitu kizuri." Au ningenyamaza, nikampa ile ya machungwa na karafuu anuse kwanza. Au ningemwambia kuwa alichokishika kilikuwa juu ya mti mwaka jana, kikachumwa kabla ua halijafunguka, kikachambuliwa makonyo kwa vidole vya watu ninaowajua, kikaanikwa juani siku tatu nne, kikiingizwa ndani kila wingu likijikusanya. Angenitazama tu. Watu wanasimama mezani kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, nani atasikiliza habari ya makonyo?

Nikampigia mama yangu kule Wete, Pemba, jana usiku, kwao kumekucha. Nikamweleza yote, na ile lebo ilivyogeuzwa chini.

"Na hilo jino, lilipona?" kaniuliza.

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Ungemuuliza. Mtu aliyeuguzwa jino akapona, karafuu haisahau. Mwandikie hapo kwenye karatasi kuwa inatuliza jino. Atarudi, atanunua mbili."

Nikacheka mpaka baba watoto kaja kuchungulia. Mama naye hakunipa nafasi ya kuendelea: vuli imeanza kutonya mapema, majamvi yanatoka na kuingia, wachumaji wanataka pishi ilipwe zaidi kwa sababu miti iliyobaki ni ile mirefu, na Shirika la serikali linalonunua karafuu halipokei yenye unyevu. "Wewe una sabuni moja iliyorudishwa," kanambia, "mimi nina gunia zima halijavunjika kwa ukucha." Karafuu iliyokauka sawasawa inavunjika *kach*, ikipinda, bado.

Kuandika kuwa inatuliza jino, mama anisamehe. Sheria ya hapa Marekani iko wazi: sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta na kostiki, ukiiita sabuni ukanyamaza, inabaki sabuni. Ukisema inalainisha ngozi, imekuwa kipodozi, na masharti ya lebo yanabadilika. Ukisema inatibu chunusi au kutuliza maumivu, umeshatangaza dawa, na dawa ina milango yake ambayo mtu wa meza ya kukunja hawezi kuibishia hodi. Lebo yangu inasema jina, vilivyomo, uzito kwa aunsi na gramu, na anwani ya biashara. Huo uzito nao wengi wanauandika mapema mno. Kipande kikikatwa kina gramu 140, kikikomaa wiki sita kimeshuka mpaka 125 hivi kwa sababu maji yametoka. Ukiandika wa siku ya kukata, umemuuzia mtu maji ambayo hayamo. Pima siku ya kufunga, andika ule wa kipande chepesi kuliko vyote.

Basi asubuhi nimeamka na akili nyingine. Kipimo sibadilishi. Kinachobadilika ni meza. Karafuu ilikuwa mwanzo kabisa, upande watu wanakoingilia, kwa kuwa ndiyo ninayojivunia. Lakini ikitangulia inafunika pua, na kila kinachofuata kinanukia karafuu. Pua ya mtu inachoka baada ya harufu tatu hivi. Sasa itaanza ya shayiri isiyo na harufu, ije ya boga, ije ya machungwa na karafuu, na karafuu tupu ikae mwisho, karibu na sanduku la fedha, pamoja na kibakuli cha karafuu nzima watu wazishike. Ile ya boga yenye vanila nayo niitenge kwenye karatasi yake, maana vanila inaigeuza kahawia ndani ya wiki chache, na ikigusana na nyeupe inaiambukiza rangi.

Muda ndio hauko upande wangu. Sabuni ya kuuzwa Jumamosi inayofuata Siku ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba, inatakiwa iwe imemwagwa kabla ya katikati ya Oktoba, ikae wiki sita kwenye rafu penye hewa, igeuzwe kila wiki. Wiki nne inauzika, ila inaisha haraka bafuni na mteja anakulaumu. Jumamosi hiyo Marekani yote inaitwa ya biashara ndogo, watu wanahimizwa wanunue kwa jirani. Hapa Columbus ndiyo siku hiyo hiyo timu ya chuo cha hapa, Ohio State, wanapokutana na Michigan kwenye mpira wa Kimarekani, na miaka ya shufwa mechi inachezwa humu humu mjini. Kuanzia saa sita mchana unaweza kulala katikati ya barabara, haipiti gari. Kwa hiyo anayetaka kuuza siku hiyo afungue saa mbili asubuhi na asitegemee mtu mpaka filimbi ya mwisho. Na Michigan wakishinda, asitegemee mtu kabisa. Nimemwambia mwandalizi wa soko atangaze saa za asubuhi kwa herufi kubwa. Kasema ataliangalia.

Nyumba wameshawasha joto, hewa imekauka, sabuni zinakomaa vizuri kuliko za Julai. Ila baridi ya gereji inaleta ule unga mweupe juu ya sabuni mbichi. Si uchafu, ni kostiki imekutana na hewa kabla haijamaliza kazi. Spiriti ya asilimia 91 kutoka duka la dawa, inapulizwa juu mara ya kwanza baada ya kumwaga na tena baada ya robo saa, kisha kalibu inafunikwa kwa kadibodi isiyogusa. Ukiota hivyo hivyo, subiri sabuni ikomae, ipitishe kwenye mvuke wa birika, utaondoka.

Kesho namwaga mbili za karafuu baada ya zamu, kama mikono itakuwa na nguvu.

Taa ya tairi imewaka tena asubuhi hii. Kila baridi ikishuka ghafla upepo unapungua na taa inawaka, hilo nalijua, lakini safari hii ni tairi moja tu la nyuma kulia, lile lile mwanangu mkubwa alilogonganisha na ukingo wa barabara siku ya mtihani wake wa leseni, na Ijumaa anataka kulipeleka gari peke yake mpaka Cleveland.