Flaiwili ya V8 ya boti: kuingia kwenye bolti hakutoshi

Ukishasaga krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) na kununua pistoni mpya, usirudishe flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya krenki, kwa sababu tu inakaa.

Chukua Ford. Injini ya 302 (inchi za ujazo) ya zamani inataka flaiwili yenye uzito wa kusawazisha wa aunsi-inchi 28, yaani kama aunsi 28 zikikaa inchi moja kutoka katikati. Zilizotoka baadaye, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, zinataka 50. Ile 351W ni 28. Bolti ni sita na matundu yanalingana, kwa hiyo ile isiyo yake inaingia bila ubishi wowote. Tofauti ya aunsi-inchi 22 ni sawa na gramu 158 zilizobandikwa sentimita 10 kutoka katikati. Kwenye mizunguko 1,000 kwa dakika, gramu hizo zinavuta krenki kwa nguvu ya kilo 18 hivi, na wewe unaona mtetemo mdogo tu. Kwenye 4,000 nguvu hiyo inafika kilo 280, maana mwendo ukizidi mara nne, nguvu inazidi mara kumi na sita. Na boti hukaa kwenye mwendo huo saa nzima, si kama gari. Beringi kuu ya nyuma haiwezi kupona.

Chevrolet 350 ina nafuu. Kabla ya 1986 sili ya nyuma, ile ya kuzuia mafuta, ni ya vipande viwili na kipenyo cha duara la bolti ni milimita 91. Kuanzia 1986 sili ni kipande kimoja na duara ni milimita 76, kwa hiyo ukikosea haiingii kabisa. Hiyo ya pili ina nundu ya chuma mgongoni: usiiguse, inafidia uzito uliotolewa kwenye krenki. Kwa Chevrolet 400 na 454, dampa ya mbele (gurudumu la kupunguza mtetemo) nayo ina uzito wake, basi dampa na flaiwili vinakwenda pamoja.

Flaiwili nyepesi ya mashindano iache. Boti haina gia za kupanda. Unachohitaji ni uzito wa kuizuia injini isizime unapoingiza gia ikiwa kwenye mwendo wa chini kabisa. Hesabu pia meno ya flaiwili, kwa Chevrolet 153 au 168, yalingane na stata.

Kusawazisha kunaanzia kwenye mizani. Pistoni zote zishushwe zifikie ile nyepesi kuliko zote. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) pima ncha kubwa peke yake na ncha ndogo peke yake. Uzito wa kufunga kwenye kila pini ya krenki wakati wa kuisawazisha ni ncha kubwa mbili na beringi zake, ujumlishe ncha ndogo moja, pistoni moja, pini yake, ringi na klipu, kisha gramu chache za mafuta. Kwa hiyo peleka karakana seti kamili, pamoja na dampa na flaiwili. Krenki ikiwa nzito hutobolewa. Ikiwa nyepesi hutiwa kizibo cha tangisteni, nacho kilale sambamba na krenki, kisije kikachomoka.

Unapofunga, kwangua kutu yote kwenye uso wa krenki. Kwenye Ford paka dawa ya kuziba mafuta kwenye nyuzi za bolti, kwani matundu yametokea ndani kwenye mafuta. Bila hivyo yatavuja na utailaumu sili mpya.