Sekunde Nilipouachia Mfuko

Jana mwanangu aliokota mbegu yenye ubawa mmoja, akaitupa juu, ikateremka polepole huku ikizunguka. Kisha akaniuliza, "Mama, ile helikopta yenu ilipozima injini, mbona hamkuanguka kama jiwe?" Nilimwonyesha mbegu ile ile: hewa inayoipiga kutoka chini ndiyo inayoizungusha, na kuzunguka huko ndiko kunakoizuia isianguke kwa kishindo. Akaridhika, akakimbia kuitupa tena. Mimi nilibaki pale pale, vidole vya mkono wa kulia vikijikunja na kujikunjua bila kushika kitu.

Tulikuwa rubani, mwenzangu wa huduma za dharura, mimi muuguzi, na kijana aliyeumia kichwa. Alikuwa na mrija kooni, nami nilikuwa nikimpumulisha kwa mfuko wa ambu, ule unaobanwa kwa mkono kusukuma hewa mapafuni, mara moja kila sekunde sita. Tulikuwa kama mita 300 juu ya ardhi mngurumo wa injini ulipokatika. Hapakuwa kimya, maana king'ora cha tahadhari kililia papo hapo, na mapanga yaliendelea kuvuma juu ya vichwa vyetu. Rubani alikwisha kushusha wenzo ulio kushoto kwake, ule unaobadili mwinamo wa mapanga, jambo ambalo likicheleweshwa hata sekunde chache mapanga hupoteza kasi yasiweze kuirudisha. Sauti yake ikatujia masikioni: "Injini imezima. Jifungeni, tunatua."

Utaratibu niliujua, tena niliwahi kuwafundisha wengine: kaza mikanda ya mgonjwa, mlaze sawasawa, funga valvu ya oksijeni, kisha rudi kitini ujifunge mwenyewe. Mwenzangu alifunga valvu. Mimi niliubana mfuko mara ya mwisho, nikaona kifua cha yule kijana kikiinuka chini ya mkanda, kikashuka, nikauchomoa mfuko na kuulaza kando ya shingo yake. Ulikaa pale umejaa hewa, hauna wa kuubana. Nikahesabu. Sita ikapita. Kumi na mbili. Kumi na nane. Kifua hakikuinuka. Mfuko ulikuwa umbali wa mkono mmoja tu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mikanda ya mabegani mwangu, kama nilivyofundishwa na kama nilivyofundisha. Muuguzi aliyevunjika shingo hampumulishi mtu; nililijua hilo wakati ule, na ningali nalijua.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Pua iliinuka, rubani akavuta wenzo, tukaligusa shamba, mkia ukagonga tuta na kuvunjika, tukainama upande mmoja. Kabla mapanga hayajasimama nilikuwa nimekwisha kuurudisha mfuko kwenye mrija. Gari la wagonjwa lilitufikia, na kijana aliingia hospitalini akiwa hai.

Alifariki siku ya tatu. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ubongo ulikuwa umevimba tangu mwanzo, na kwamba nusu dakika ile haikubadili kitu. Namwamini, ingawa sijui kama namwamini kwa kuwa ni kweli au kwa kuwa nahitaji iwe kweli.

Mwanangu alirudi na mbegu yake mkononi, ubawa umechanika. "Na yule mgonjwa naye alikuwa amefungwa mkanda?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, alikuwa amefungwa kuliko sisi sote.