Mpaka Mama Aje

Mwaka 2017 nilikuwa natafuta kiwanja Kigamboni, nijenge vyumba vya kupangisha. Daraja la Nyerere lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia na kila mtu alitaka kuvuka. Dalali wangu aliwajua wazee wote wa mtaa, na kwake kila jambo lilikuwa la leo leo. "Dada, lipa leo, kesho utakuta kimekwenda."

Eneo lilinivutia: minazi miwili mbele, na nyuma matuta ya mihogo yaliyotoka kupaliliwa, magugu bado hayajakauka. Nikamuuliza mzee aliyekuwa anauza, baada ya shikamoo, nani analima.

"Mke wangu."

Kabla sijauliza yuko wapi, dalali akadakia: "Mama yuko Mbagala kwa mjukuu. Hahusiki, hati ina jina la mzee."

Hapo tukakwaruzana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mnunuzi aulize kama mwenza wa muuzaji ameridhia. Hata isingesema hivyo, mimi siwezi kumwaga zege juu ya mihogo ya mwanamke ambaye hajaulizwa. Nikasema sitoi hata shilingi mpaka mama aje.

Dalali akanivuta pembeni, akaniambia namwagia mchanga kitumbua chake. Sikupandisha sauti. "Kaka, jasho lako nimeliona. Asilimia 10 yako iko palepale, ila nitakuhesabia mbele ya mzee na mama, kwa wakili."

Alinyamaza. Sababu niliielewa siku mama alipofika. Wakili alipotaja milioni 14, mama alimgeukia mumewe: "Si ulisema 11?" Mzee akainamisha kichwa. Milioni tatu zilikuwa cha juu: dalali alikuwa amejiongezea.

Ningeweza kumfukuza dalali palepale. Lakini ni yeye aliyenifikisha kwa wazee wale, na kazi hiyo aliifanya kweli. Nikamwomba wakili aandike 11, nikamlipa dalali milioni moja na laki moja mbele ya wote, akasaini kupokea. Mama akaomba avune mihogo yake kwanza. Hilo nalo tukaliandika.

Kwa muda mrefu dalali hakupokea simu zangu. Kisha asubuhi moja akapiga mwenyewe: kuna eneo Kibada, la mjane, na watoto wake wote wameridhia. "Nimewauliza mmoja mmoja, dada."

Nikaenda kuliona.