Nilienda Chicago kusoma fasihi ya Marekani nikaikuta nyumba yetu ya Temeke

Swali nililoulizwa kuliko yote tangu nipate hii nafasi ni moja tu, kwa nini uende Marekani kusoma hadithi. Baba mdogo aliniuliza siku ya kuniaga, watu wamekaa mkekani wamemaliza kula, akasema mwanangu wenzio wakienda kule wanasoma uuguzi, wanasoma kompyuta, wewe unaenda kusoma hadithi za wenyewe ili iweje? Nilimjibu kwa adabu kwamba ni masters, chuo kinanilipia ada na posho watanipa kwa kusaidia kusahihisha kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza, basi aliposikia ada imelipwa akanyamaza. Ila swali lenyewe sikumjibu, na lilinikaa rohoni mpaka natua uwanja wa ndege wa O'Hare.

Sasa niko mwaka wa pili na nataka kulijibu.

Kwanza niwaambie kusoma kwenyewe kukoje maana kuna wadogo zangu wananiuliza inbox. Semina ni watu 12 kwenye meza moja, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kila wiki kitabu kizima pamoja na makala mbili tatu za wasomi walioandika juu ya hicho kitabu, halafu unaandika kurasa mbili za maoni yako unatuma usiku wa kuamkia kipindi. Na kuongea kuna maksi zake, yani usipofungua mdomo unapoteza hata kama umekesha unasoma. Mi nimesoma shule za kwetu, mwalimu akiongea unaandika, na nyumbani nimelelewa kwamba mtu akiongea unasubiri amalize. Huku wanadakia, huyu hajamaliza sentensi mwenzie kashaishika, na siyo dharau, ndo namna yao ya kufikiri pamoja. Wiki tano za mwanzo nilikuwa naipanga sentensi kichwani, naikagua, nikiwa tayari mada ishahama zamani.

Vitabu lakini vilinishika mapema. Tulianza na watu wa uhamaji mkubwa, wale watu weusi karibu milioni 6 waliotoka majimbo ya kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970 wakaja Chicago, Detroit, New York kutafuta kazi na kukimbia kuonewa. Mwandishi Richard Wright alikuwa mmoja wao, alifika Chicago 1927 akitokea Memphis. Ameeleza mwenyewe kwamba kule Memphis maktaba haikumruhusu mtu mweusi kuazima vitabu, akamwomba kadi mzungu mmoja aliyekuwa akifanya naye kazi, akawa anaandika vikaratasi kama vile katumwa tu na huyo mzungu, anampa mkutubi, anapewa vitabu, anaenda kusoma chumbani kwake. Hiyo sehemu niliisoma nikiwa nimekaa maktaba ya chuo ghorofa ya tatu, pembeni nina vitabu tisa nilivyoazima kwa kadi yenye jina langu. Nilivifunga nikakaa kimya kidogo.

Wiki ya sita tukafika kwa Gwendolyn Brooks na hapo ndo mambo yangu yalibadilika.

Brooks alizaliwa Topeka, Kansas, 1917, akaletwa Chicago akiwa kachanga, akaishi hapo mpaka kufa kwake mwaka 2000. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa usafi, mama yake aliwahi kuwa mwalimu. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka 1945, na ndani yake kuna shairi fupi kuhusu nyumba ambazo huku waliziita kitchenette. Profesa akatueleza zilivyokuwa. Zamani hizo mtu mweusi Chicago hakuweza kwenda kupanga popote anapotaka, wenye nyumba wazungu walikuwa wanawekeana mikataba ya kutowauzia wala kuwapangisha weusi, na mikataba hiyo ilikuwa inatambuliwa na mahakama mpaka 1948. Kwa hiyo watu wote waliokuwa wanashuka kwenye treni za kusini walibanana upande mmoja wa jiji, South Side, eneo lililoitwa Bronzeville. Mwenye nyumba akaona biashara, anachukua nyumba ya familia moja yenye vyumba sita, anaikatakata, kila chumba familia yake, kila familia inapewa jiko dogo la kupikia humohumo, na bafu na choo ni kimoja kwenye korido, mnapokezana.

Profesa akauliza, kuna mtu anaweza kufikiria kuishi hivyo kunafananaje? Meza ikawa kimya. Wenzangu ni watoto wazuri, wana akili sana, lakini unaona kabisa wanaitafuta hiyo picha hawaipati.

Mi nilikuwa siitafuti. Nilizaliwa ndani yake. Nyumba yetu Temeke ilikuwa na vyumba sita, vitatu kulia vitatu kushoto, korido katikati, sisi tulikuwa na viwili vya mbele na vilivyobaki kila kimoja na mpangaji wake. Jiko la mkaa kila mtu mlangoni kwake, jioni korido nzima vitunguu vya watu watano kwa mpigo, ukitoka na nguo safi unafika kituoni unanukia mboga ya jirani. Bafu na choo uani. Asubuhi unaweka ndoo yako kwenye foleni halafu unarudi kulala, ndoo ndo inakusimamia, na ole wake atakayeisogeza. Na ukisikia kitasa cha bafu kimelia huna muda wa kufikiri kitu kingine chochote duniani, unatoka na khanga na kopo lako mbio.

Sasa hilo shairi la Brooks ndo linasema hivyohivyo. Linaanza na watu wamechoka, maisha yamewapauka, wanasema neno ndoto halina nguvu kama neno kodi. Halafu wanajiuliza, hivi ndoto ingeweza kupenya kwenye moshi wa vitunguu, ikapigana na viazi vya kukaanga na takataka za jana zinazoiva kwenye korido, ikaimba humu ndani? Na sisi tungekuwa na nafasi ya kuipasha moto, kuiweka safi? Na kabla hawajajibu, basi, mtu wa namba tano katoka bafuni, wanawaza maji ya vuguvugu, wanaomba wayawahi.

Nilidakia. Sikupanga sentensi, nilidakia tu kama wao, profesa mwenyewe alikuwa katikati ya neno. Nikawaambia kuhusu ndoo na foleni na kitasa. Nikawaambia watu wanadhani huyu mshairi anasema umaskini unaua ndoto, mi sioni hivyo, mi naona anasema kwamba kuwaza ni kazi inayotaka nafasi na muda kama kazi nyingine, na katika nyumba ile hata kuwaza kuna foleni. Kuna dada mmoja akasema mbona shairi lina mistari 13, soneti, lile shairi la mtindo wa kizungu, si huwa 14? Nikamwambia huo mmoja umekatika kwa sababu bafu liko wazi. Sijui kama Brooks alikusudia hivyo, lakini sisi tuliofundishwa beti, vina na mizani sekondari tunajua mstari ukipungua kwenye shairi la fundi haujaanguka bahati mbaya. Kipindi kikaisha bado tunabishana na nilitoka pale nikitetemeka mikono, siyo baridi.

Tangu siku hiyo naongea.

Nikaanza kumsoma Brooks kama ndugu. 1950 alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi ya Marekani, mtu mweusi wa kwanza kuipata, na amesimulia kwamba siku anapigiwa simu kuambiwa, nyumbani kwake palikuwa giza, umeme umekatwa. Kesho yake waandishi wanakuja na kamera zao yeye anahofia watachomeka wapi. Mtu wa Dar yeyote aliyewahi kuishiwa luku siku ya ugeni anaujua moyo ulivyokuwa unamwenda. Ana shairi jingine la maneno 24 tu, vijana saba wanaocheza pool wakati wenzao wako shule, karibu kila mstari umeishia na neno sisi, na alikuwa analisoma hilo sisi kwa sauti ya chini kabisa kama vile hao vijana hawana uhakika kama wapo. Nilijaribu kulitafsiri usiku mmoja nikakwama hapohapo, maana Kiswahili sisi kwa kawaida inajificha ndani ya kitenzi, tu-, na ukiisimamisha mwisho wa mstari ikining'inia peke yake haikai sawa. Nina karatasi kama kumi za hilo shairi na hakuna iliyonitosheleza.

Halafu kuna hili ambalo sikulitegemea. 1967 Brooks alikutana na washairi vijana weusi wenye moto wa siasa za wakati ule, wakambadilisha, akaliacha shirika kubwa la uchapishaji lililokuwa linamchapisha akahamia kwa wachapishaji weusi wadogo. Mmoja wa vijana wake Chicago aliitwa Don L. Lee, mwaka huohuo 1967 akaanzisha shirika la uchapishaji la Third World Press kwenye chumba cha chini ya nyumba, na dola 400 na mashine ya kurudufu, akiwa na kina dada wawili washairi, Carolyn Rodgers na Jewel Latimore. Nikaenda rafuni kutafuta vitabu vyao. Natafuta Lee, naelekezwa jina jingine, nafika nakuta mgongo wa kitabu umeandikwa Haki Madhubuti. Na yule dada Jewel, Johari Amini.

Nilisimama kwenye rafu pale jamani. Miezi saba sijaongea Kiswahili na mtu ana kwa ana, naongea kwenye simu tu, halafu mtu kaniandikia Kiswahili kwenye mgongo wa kitabu Chicago. Johari! Jina lake la Kiingereza lina maana ya kito, kakaa chini kalitafuta kwetu.

Semina iliyofuata mwenzangu kutoka Ghana akauliza, na ana haki, kwa nini Kiswahili wakati babu za hawa watu wengi walitoka Afrika Magharibi na ya Kati Magharibi? Jibu ni kwamba walichagua wakijua. Walitaka lugha isiyo ya kabila moja, inayovuka mipaka ya nchi, na macho yao yalikuwa kwa Tanzania ya Nyerere na baadaye Azimio la Arusha. Ndo maana hata Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi ambayo mwanaharakati Karenga aliianzisha California 1966, siku zake saba zote ni maneno yetu, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Profesa akaniomba niwaeleze neno madhubuti. Nikawaambia ni nguzo isiyotikisika, ni fundo lililokazwa, ni ushahidi ambao wakili hawezi kuupangua. Nilieleza dakika kumi na hakuna aliyedakia.

Na mwaka 1971 Brooks mwenyewe alisafiri Afrika Mashariki, Kenya na Tanzania. Mama yangu mwaka huo alikuwa na miaka sita. Nikifikiria kwamba yule mama wa Bronzeville alipumua hewa ileile nashindwa kukaa kitini.

Kwa ajili ya thesis huwa napanda treni ya Red Line mpaka mwisho wa reli, 95th, halafu basi, naenda maktaba ya Woodson kwenye mkusanyo wa Vivian Harsh, nyaraka za waandishi weusi wa Chicago zimetunzwa pale vizuri sana. Siku moja mama mmoja mtu mzima aliyekuwa meza ya pili akanisikia namjibu mtu simu kwa kunong'ona, akasubiri nikate, akaniuliza hiyo ni Kiswahili? Nikamwambia ndiyo mama. Akasema binti yake wa kwanza alimpa jina Imani mwaka 1972, na miaka yote hii hana hakika kama wanalitamka sawa, nilitamke yeye asikie. Nikalitamka. Akalirudia polepole mara tatu akiwa kashika mkono wangu. Walikuwa wanalitamka sawa kabisa, nikamwambia, na macho yake yalilowa.

Jumamosi iliyopita nikampigia mama yangu. Huku mchana, kule usiku. Nikamwambia nataka nikusomee kitu, nimekitafsiri mwenyewe, ni lile shairi la nyumba ya vyumba. Kuna mstari mmoja unaohusu mambo ya mke na mume nikauruka, ni mama yangu. Mengine yote nikasoma, kodi, vitunguu, takataka za jana, korido, namba tano, maji ya vuguvugu. Nilipomaliza kimya. Nikadhani bando imekata.

Akasema, huyo alipanga kwa nani? Nikamwambia mama huyo ni Mmarekani, Chicago, kaandika hivyo 1945, wewe hujazaliwa. Akasema we, sisomi miaka, nakuuliza alipanga kwa nani, maana huyo mtu kakaa kwenye korido yangu. Nisomee tena pale pa maji.

Nikamsomea tena. Akasema subiri, usikate, baba yako mdogo yuko hapo barazani. Nikasikia ndala zake zinaburuta, mlango, wanasemezana, halafu simu ikabadilisha mkono na sauti nzito ikasema, haya mwanangu, soma.