Hemoglobini 7.2 na Baridi ya Molo

Huu ni mwaka wa tatu tangu niambiwe kuwa nina limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu. Yangu ni ya aina inayokua polepole, na kwa kuwa tezi hazikuwa zikinisumbua, daktari aliamua nisianzishiwe dawa bali niwe ninarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Kilichonikosesha usingizi ni hemoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni. Mwanamke mzima asiye mjamzito hutarajiwa kuwa na gramu 12 au zaidi katika kila desilita ya damu, ilhali mimi nilitoka 9.8 nikafika 8.6, na Julai iliyopita nikasoma 7.2 kwenye karatasi, nikiwa nimepumzika mara mbili njiani kutoka stendi ya matatu hadi nyumbani kwangu.

Kila mtu alikuwa na jibu. Mama mkwe alileta managu na maini, majirani wakaleta bitruti, na kituo nilichokuwa nikitibiwa kikanipa vidonge vya madini ya chuma kwa miezi minne, choo kikawa cheusi na tumbo likafunga, lakini namba ikaendelea kushuka. Sina ugomvi na managu. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyepima kwanza kama chuma kilikuwa kimepungua. Nilipojilipia kipimo cha feritini Nakuru mjini, ilionekana kuwa akiba yangu ya chuma ilikuwa tele.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza mapema: damu hii haitengenezwi, inavuja, au inaharibiwa? Niliogopa zaidi la kwanza, kwa sababu limfoma inaweza kuuvamia uboho na kuzibana chembe zinazozaa damu. Hata hivyo, vipimo vilionyesha chembe nyekundu changa kwa wingi, ishara kwamba uboho ulikuwa ukijitahidi. Malaria haikuonekana. Bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na chembe nyekundu zinazovunjika, ilikuwa juu na macho yangu yalikuwa na umanjano kidogo, na asubuhi za baridi kali mkojo wangu ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, jambo ambalo nilikuwa nimelinyamazia nikidhani sinywi maji ya kutosha.

Mwezi wa Agosti nilikaa wiki mbili Kisumu kwa dada yangu. Mkojo ulirudi rangi yake, nikapanda ngazi za ghorofani kwake bila kushika ukuta, na dada akaipa sifa omena yake. Niliporudi Molo, siku nne hazikuisha kabla ya mambo kuharibika tena.

Aliyenifumbulia fumbo hili ni mtaalamu wa maabara, kijana mpole, aliyetoka nje akiwa ameshika kichupa changu chenye kifuniko cha zambarau. Alikiinamisha kwenye mwanga nikaona damu imeshikana ubavuni punjepunje, kama uji uliofanya madonge.

"Mama, umetoka wapi asubuhi hii?"

"Molo."

"Na baridi ya huko, vidole vyako huwa vinafanyaje?"

Nilimwonyesha. Ncha zilikuwa za samawati, kana kwamba nimekuwa nikichuma zambarau. Alikitia kichupa katika maji ya nyuzi 37, na baada ya muda mfupi damu ikateleza laini. Hesabu ya chembe, ambayo mashine ilikuwa imeikosea kwa kuhesabu donge zima kama chembe moja, ilirekebishika. Hemoglobini yenyewe haikubadilika, kwa hiyo ile 7.2 ilikuwa kweli.

Kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kinga ya mwili imezishambulia chembe nyekundu, kilithibitisha. Chembe B zilizoasi (chembe nyeupe ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili), zile zile za limfoma, zinatengeneza kingamwili inayozishika chembe nyekundu pale damu inapopoa kwenye vidole, masikio na pua, na chembe zilizotiwa alama namna hiyo huharibiwa baadaye, nyingi zikiishia kwenye ini. Chembe nyekundu inayopaswa kuishi siku 120 haifikishi muda huo. Molo iko karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,100 na kidogo, ndiyo maana kwenye joto la huko nilipata nafuu. Omena haikuwa na hatia wala sifa.

Vidonge vya chuma vimesimamishwa, ninameza asidi ya foliki, na ninasubiri kuanza rituksimabu, dawa inayozilenga chembe B zenyewe, kwa kuwa daktari ameniambia kuwa prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, mara nyingi haisaidii ugonjwa wa namna hii. Ninalala na glavu na soksi mbili, maji ya kunawa ninayapasha moto hata mchana, na maziwa ya friji anamimina binti yangu. Wiki iliyopita nilisoma 8.9. Kwenye jalada la faili yangu muuguzi ameandika kwa wino mwekundu kwamba, nikihitaji kuongezewa damu, ipitishwe kwanza kwenye kifaa cha kuipasha joto, na nakala ya maneno hayo ninaibeba kwenye pochi pamoja na kitambulisho.