Zamu moja wadi ya kemo, na wagonjwa ambao limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, imewarudia

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kugusa dripu yoyote, sisi wauguzi tunasoma majibu ya damu. Neutrofili, chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, zikiwa chini ya bilioni 1 kwa lita, mara nyingi daktari huahirisha kemo. Mtu aliyekwisha kuambiwa ugonjwa umerudi hulipokea hilo kama pigo la pili, kwa hiyo tunamweleza papo hapo: uboho umechoka, unahitaji siku chache kuzalisha chembe mpya. Si dalili kwamba dawa imeshindwa.

Saa 2. Mizani, kisha kanula. Mishipa ya aliyewahi kutibiwa huwa migumu, basi mkono unalowekwa kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, nasi tunakwepa kifundo na kiwiko. Dawa ikivujia pale, madhara ni makubwa.

Saa 3. Paracetamoli na dawa ya mzio, halafu nusu saa ya kusubiri. Ndipo rituksimabu, dawa ya kingamwili inayolenga seli B (aina ya chembe nyeupe), inaanza: miligramu 50 kwa saa, ikiongezwa 50 kila baada ya dakika 30, mwisho 400. Aliyeivumilia vizuri awali anaweza kuanzia 100. Mzio hupenda kujitokeza dripu ya kwanza, dawa inapovunja seli nyingi kwa mkupuo: baridi ya ghafla, koo kuwasha, presha kushuka. Mgonjwa aseme koo linapoanza tu kuwasha, asivumilie kwa heshima. Tunasimamisha, tunatibu, na dalili zikiisha tunarudi kwa nusu ya mwendo.

Saa 6 mchana. Sisplatini, dawa ya kemo, ikitanguliwa na kufuatwa na maji ya mshipani kwa ajili ya figo. Mkojo unapimwa. Masikio yakianza kuvuma, tuambiwe.

Saa hizi ndizo za maswali, na lililo kubwa ni moja: bado kuna tumaini? Lipo, ila halifanani kwa kila limfoma, na kuwapa wote jibu moja ni kuwakosea. Kwa limfoma ya Hodgkin na ile ya seli B kubwa, wengi hupewa mizunguko 2 au 3 ya kuupunguza ugonjwa, kisha hupandikizwa seli shina zao wenyewe, zile zinazozalisha chembe za damu, na lengo bado ni kupona. Limfoma ya folikuli, inayokua polepole, hurudi na kutulizwa tena, pengine kwa miaka, na kuna vipindi vya kuishi bila dawa kabisa. Muulize daktari waziwazi: tiba hii inalenga kuponya au kutuliza? Ukijua lengo, unajua pia kipimo kijacho kinatafuta nini.

Saa 10 jioni, kuelekea nyumbani. Deksamethasoni, dawa ya steroidi, inywewe asubuhi, la sivyo usingizi unapotea. Kipimajoto kikae karibu na kitanda, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe zinapokuwa chini kabisa. Pima kabla ya kumeza paracetamoli, maana inaficha homa. Ikifika 38, piga simu hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa 8 usiku na mwili hauumi popote.