Neno la shangazi kuhusu mwasumini wa mama

Tangu Jumanne kulikuwa na neno limenikaa kifuani halishuki. Shangazi, mnamjua, alikuja alasiri kuchuma asumini za vikuba, vile vishada vya maua vya kujipamba, vya posa ya mdogo wangu, alitaka zile ambazo bado tumba ili zifunguke usiku zinukie vizuri. Akauzunguka mti mara mbili na ungo wake mdogo mkononi, akapata kiganja kimoja tu. Akausimamia, akautazama juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, mama yako asingeuacha hivi." Nikamjibu, "Sawa shangazi." Basi. Yeye akaingia ndani kunywa chai, mimi nikabaki pale pale na ndoo yangu ya maji.

Asingeuacha hivi. Hivi vipi? Usiku nalirudia, mara naona alisema kwa huruma, mara naona kama ananiambia nyumba nzima nimeitelekeza. Posa ilipita salama, mahari imekubaliwa, baba watoto karudi Dodoma, na muda wote huo mimi nimeshika sinia huku nalisikia neno lile lile.

Na mti naupenda jamani, yani naumwagilia asubuhi na jioni, na mwaka huu nimeutia mbolea ya urea majani yakatoka mapana yamekolea kijani, umepanda mpaka kwenye bati. Kumbe hapo ndo nilipoharibu, urea inalisha majani, na asumini inatoa maua kwenye machipukizi mapya, tawi likishazeeka utalisubiri sana. Nilikuwa najua. Mama alikuwa anaukata kila msimu wa maua ukipungua. Ila tangu afariki sijaugusa na kisu, aliuleta mwenyewe kwenye kopo la mafuta ya kupikia 2014 nilipoolewa, kijiti cha shubiri moja kina majani mawili, sasa mimi nitaukataje?

Jumamosi baada ya swala ya alfajiri nikaenda kuufunua chini nione kama kuna wadudu, nikakuta makovu. Pale chini kwenye shina, alama za kisu cha mama, zimekwenda mshazari, kila moja juu kidogo ya jicho, pale tawi linapochipukia, na kila alipokata pametoka matawi mawili. Nikayapapasa moja moja kwa kidole. Mti wote huu ninaouonea huruma umetokea kwenye yale makovu.

Nililia kidogo, alafu nikanoa kisu. Nimepunguza kama theluthi yake, makavu yote nimetoa, na maji sasa nachovya kidole kwanza, udongo ukiwa na unyevu naacha. Vijiti sita nimevitoa majani ya chini nikavichomeka kwenye makopo kivulini, nategemea mwezi hivi au zaidi vitashika mizizi. Nikampigia shangazi.

"Shangazi, nimeukata."

"Umekata wapi?"

"Juu ya alipokuwa anakata mama."

Akanyamaza kidogo. "Kijiti changu kimoja kiweke."

Toka hapo moyo umetulia, hata harufu ya yale matawi mabichi kwenye kidole naipenda.

Sasa kinachonikosesha usingizi ni mwanangu mdogo, yule wa mwisho, toka juzi nikimwita akiwa amenipa mgongo haitiki mpaka nimguse bega. Kesho nampeleka akaangaliwe masikio.